Kutoka Nafaka hadi Matunzo: Historia ya Deni la Mtalaka katika Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia maneno manne ya uwanja mmoja wa maana, yaani kulisha na kugharimia: nafaka, posho, masurufu na matunzo. Hoja kuu ni kwamba sheria zilizotumika pwani na bara ziliichukulia haki ya mke, inapocheleweshwa, kuwa deni ambalo talaka hailifuti. Hata hivyo, neno lililozoeleka zaidi katika sheria ya leo linabeba sura ya hisani, na kwa hiyo linalififisha deni hilo.

1. Utangulizi

Mwanamke anapofika mbele ya kadhi wa Mombasa, au mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo nchini Tanzania, kwa sababu mtalaka wake hajalipa alichopaswa kulipa, kazi yake ya kwanza ni ya kiisimu: hana budi kulitaja dai lake. Akisema "ninaomba matunzo", amejiweka katika nafasi ya mwombaji. Akisema "ninadai malimbikizo ya matunzo", amekuwa mdai, na mtalaka wake amekuwa mdaiwa. Mwombaji huweza kukataliwa kwa upole. Mdaiwa hana budi kujibu. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ina historia, nayo inaanzia katika kipimo cha chakula.

2. Nafaka: haki iliyopimwa kwa kibaba

Neno nafaka limetoka katika Kiarabu, ambamo nafaqa ni matumizi au gharama, na katika fiqhi ni gharama ambazo mtu hulazimika kuzitoa kwa ajili ya wale anaowajibika kwao, mke akiwamo. Katika Kiswahili cha leo neno hilo halimaanishi gharama tena. Nafaka ni mahindi, mtama, mpunga, ngano na uwele. Kwa mtazamo wa haraka, huu ni mfano wa kawaida wa neno la mkopo kubanwa maana. Hata hivyo, ukitazama madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ubanaji huo unaonekana kuwa na mantiki yake.

Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, chakula cha mke hupimwa kwa mudi za nafaka inayoliwa zaidi katika mji wake: mudi mbili kwa siku kwa mume mwenye uwezo, mudi moja na nusu kwa mwenye hali ya kati, na mudi moja kwa maskini. Mudi nne ni sawa na saa moja, kipimo ambacho watu wa pwani wamekilinganisha na pishi, kama ambavyo vibaba vinne hufanya pishi. Kwa hiyo haki ya mke ilikuwa kitu cha kumiminwa, kuhesabiwa na kulimbikizwa. Yaelekea jina la haki lilihamia kwenye kile kilichoitimiza haki hiyo.

Kwa kuwa ilihesabika, haki hiyo iliweza kudaiwa. Hapa madhehebu yanatofautiana. Kwa Mahanafi, chakula cha siku zilizopita hakiwi deni isipokuwa pale kadhi alipokwisha kukiamuru au wanandoa walipokwisha kupatana. Kwa Mashafii, chakula ambacho mume hakukitoa kwa mke anayestahiki huwa deni juu yake hata kama hakuna hukumu iliyotangulia. Talaka haifuti deni hilo. Mtalaka anaondoka na stahiki za eda pamoja na deni la siku ambazo ndoa ilikuwapo lakini chungu hakikuwa na kitu.

3. Posho na masurufu

Safari ya neno nafaka si ya pekee. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa stahiki ya chakula ya mpagazi, iliyotolewa kwa chakula chenyewe au kwa kitambaa na shanga za kununulia chakula. Leo nchini Uganda posho ni ugali wa mahindi, ilhali nchini Tanzania bado ni malipo ya kujikimu. Maneno mawili, moja la ndoa na jingine la kazi, yalianza yakitaja haki ya mtu juu ya mwenzake, na yote mawili yakaishia, mahali fulani, kutaja chakula tu. Chakula kilibaki katika neno, mdaiwa akatoweka.

Neno masurufu, lenye asili ya Kiarabu na linalohusiana na kutumia fedha, lilichukua sehemu ya nafasi iliyoachwa wazi. Ni fedha au vitu vya matumizi, ya nyumbani au ya safarini. Katika uhasibu wa serikali ya Tanzania, masurufu ni fedha anayokabidhiwa mtumishi kwa kazi maalumu, ambayo hana budi kuitolea hesabu. Wazo la hesabu halikupotea katika neno hili, ila mwelekeo wake umegeuka: anayehojiwa ni aliyepokea, si aliyepaswa kutoa.

4. Matunzo na sheria ya 1971

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliziweka ndoa za dini zote, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Iliipa mahakama mamlaka ya kumwamuru mume amgharimie mke au mtalaka wake, na katika hali maalumu, kama vile mume anapokuwa hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au ulemavu, kumwamuru mke amgharimie mume. Kuhusu malimbikizo, sheria hiyo ilitamka kwamba ni deni linaloweza kudaiwa mahakamani, hata kutoka katika mali ya marehemu, ingawa iliweka ukomo wa miaka mitatu kurudi nyuma.

Hivyo sheria ya dola ilikubaliana na fiqhi ya Kishafii katika jambo la msingi: kisicholipwa ni deni. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na katika Kiswahili dhana yake kuu ikajulikana kama matunzo. Kitenzi tunza kina maana ya kuangalia kwa wema na kuhifadhi. Ngomani, kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi kwa hiari. Hakuna atunzwaye awezaye kusema kwamba amedhulumiwa zawadi. Neno zuri kwa malezi ya mtoto likawa dhaifu kwa madai ya mtu mzima.

5. Kuomba, kudai na kusamehe

Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha kwamba wanawake waliotarajiwa kuvumilia kimya walikuja kusimulia, na kwamba mara nyingi walishinda. Masimulizi ndiyo yaliyobadili uvumilivu kuwa ushahidi: siku ngapi mume hakuleta chakula, nani alilipa kodi, watoto walikula kwa nani.

Deni linalojulikana huwa pia na thamani katika mapatano. Katika khului, mke anaweza kuununua uhuru wake kwa kurudisha mahari au kwa kusamehe anachodai. Mwanamke anayelijua deni lake anajua anachokisamehe. Asiyelijua hukiacha bure, akidhani ameacha hisani ambayo hata hivyo isingekuja.

Baada ya hukumu, msamiati hubadilika tena. Ukazaji wa hukumu una maneno yasiyo na upole: mdaiwa, kukamata mali, dalali wa mahakama. Wengi hawafiki hapo, na sababu zake ni nyingi: nauli, aibu ya ukoo, mume aliyehama mji. Miongoni mwake imo pia ile ya kutojua kwamba kilichoamriwa kama matunzo kinafuatwa kama deni la duka.

6. Hitimisho

Tangu mwaka 2021, Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya tafsiri inayofuata si ya kutafuta visawe tu. Haipendekezwi hapa kwamba nafaka irudishwe katika maana yake ya kale. Mtumiaji wa leo angefikiria ghala. Neno matunzo linaweza kubaki, mradi kila mahali linapohusu kilichopita na kisicholipwa liandamane na neno deni au malimbikizo, na kitenzi chake kiwe kudai. Kibaba kilikuwa chombo kidogo, lakini kilikuwa na faida moja ambayo istilahi ya leo inapaswa kuirejesha: kilipopelea, kila mtu aliona.