Utando wa punje: usafirishaji au upitishaji wa umeme?

utando wa punje (nomino, ngeli ya U-ZI; wingi: *tando za punje*). Tabaka jembamba sana la maada, aghalabu lisilofikia unene wa mikromita 1, ambamo punje za metali zenye kipenyo cha nanomita chache zimetawanyika ndani ya oksidi isiyopitisha umeme. Kwa mfano, kobalti ndani ya oksidi ya alumini.

*Utando* limetokana na kitenzi *tanda*, na msomaji analijua tangu utando wa buibui. Sioni sababu ya kuliacha na kushika *filamu*, ambalo humpeleka sinema. *Punje* nalo lafaa kuliko *chembe*, neno lililokwisha kuelemewa: chembe hai, chembechembe za damu.

Kosa zito liko kwingine. Nimesahihisha zaidi ya tafsiri moja iliyoandika "sifa za usafirishaji wa umeme" wa tando hizi. Usafirishaji wa umeme ni kazi ya nguzo na nyaya, kutoka kituo cha kuzalisha hadi mjini. Hapa huzungumzwa namna elektroni zinavyopita ndani ya maada yenyewe, yaani *upitishaji*. Metali ikiwa nyingi, punje hugusana, na ukinzani hupungua utando unapopozwa, kama ilivyo kwa waya wa shaba. Metali ikipungua, punje hutengana; elektroni hulazimika kupenya kizuizi cha oksidi kutoka punje hadi punje, na hapo ukinzani huongezeka kadiri baridi inavyozidi. Neno *usafirishaji* huificha tofauti hiyo yote.

Usumaku wa kila punje ya kobalti huelekea upande wake. Uga wa sumaku ukizielekeza upande mmoja, elektroni hupenya kwa urahisi zaidi na ukinzani hushuka. Napendekeza *badiliko la ukinzani kwa sumaku*; "ukinzani wa sumaku" hudhaniwa kuwa sumaku ndiyo inayokinza. Albert Fert na Peter Grünberg walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007 kwa ugunduzi wa mwaka 1988 ulio jirani na huu, ila wao walitumia matabaka ya metali tupu, pasipo kizuizi cha oksidi; mfasiri asiichanganye mifano hiyo miwili.

*Matumizi:* Ukinzani wa utando huu wa punje ulishuka baada ya uga wa sumaku kuongezwa. / Tando hizi za punje hupitisha umeme kwa shida zikiwa baridi.

*Tanbihi:* andika *ukinzani*, si *upinzani*, ambao tumewaachia wanasiasa.