Nyama Tupu Haikuwa Yetu

Huku Bomet, vijana huambiana kwamba babu zetu Wakipsigis waliishi kwa nyama tupu. Mimi nimelelewa na kogo, yaani bibi yangu, na jikoni kwake mambo hayakuwa hivyo. Ng'ombe wa Mkipsigis hakuchinjwa ovyo: alikuwa mahari, akiba na heshima. Chakula cha kila siku kilikuwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa kwa kaa la mti wa senetwet mpaka maziwa yakawa na rangi ya kijivu. Kando yake palikuwa na kimyet, ugali wa wimbi, na mboga ya mgagani. Damu ya kunywa nayo ilitolewa kwa mshale shingoni mwa ng'ombe aliye hai.

Wala Wamaasai si mfano wa nyama tupu. Mwaka 1931, watafiti Orr na Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wamaasai, watu wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu waliotegemea nafaka na viazi. Wamaasai walikuwa warefu na wenye nguvu zaidi, ila kufunga choo na baridi yabisi viliwasumbua zaidi. Tena hata wao hutia magome na mizizi kwenye supu.

Kwetu, mashamba ya chai yalimeza malisho ya Kericho, na mahindi yakausukuma wimbi kando, hata vijana wakasahau chakula cha wazee. Anayetaka kula nyama tupu na ale, lakini asiwasingizie wazee wetu.