Chini ya Rangi

Marehemu baba alituachia nyumba, deni dogo, na Peugeot 404. Kwa watu wa rika lake gari hilo lilikuwa na heshima ya pekee. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na kati ya 1963 na 1968 lilishinda mbio za Safari Rally mara nne. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Baba alizisimulia mbio hizo kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Kwa haraka ya kumuenzi, nililipeleka kwenye gereji moja hapa Tanga. Baada ya juma moja likarudi linang'aa. Masika ya pili rangi ikavimba malengelenge milangoni. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Kutu ilikuwa imezibwa kwa puti na kupakwa rangi juu yake. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Mzee mmoja fundi bodi ndiye aliyekubali kuanza upya. Alikwangua rangi yote mpaka bati likabaki tupu. Palipooza alikata akachomelea bati jipya, kisha akapaka praima upesi, maana kwa hewa yetu ya chumvi bati tupu halichelewi kushika kutu. Puti aliitumia kidogo tu, na aliisugua kavu kwa sababu hunyonya maji. Baada ya praima nyingine akanikabidhi msasa wa maji.

"Sugua, mwanangu. Gari ni la baba yako."

Msasa huo una historia yake. Zamani mafundi walisugua rangi kavukavu, na vumbi lenye madini ya risasi likawaingia mapafuni. Mwaka 1921 kampuni ya 3M ya Marekani ilianza kuuza msasa usioharibiwa na maji, uliobuniwa na Francis Okie. Vumbi likageuka tope. Kijana wa kampuni hiyo, Richard Drew, alipopeleka msasa katika gereji ya St. Paul aliwakuta mafundi wakilaani, kwani karatasi walizobandika kutenganisha rangi mbili zilibanduka na rangi. Mwaka 1925 akawaletea mkanda wa karatasi unaobanduka bila kuharibu. Hivyo vitu viwili tunavyovitupa kila siku gerejini vilitokana na mtu kusikiliza taabu ya fundi.

Nilianza na msasa namba 320, nikamalizia na 600. Mzee alipuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima, akaniamuru niusugue wote. Weusi ulipobaki, hapo palikuwa na bonde ambalo jicho halikuliona. Mara tatu nilidhani nimemaliza, na mara tatu weusi ukanikanusha.

Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Rangi yenyewe ilipigwa mchana mmoja. Wageni husifu rangi. Mimi hupitisha kiganja mlangoni, mahali kidole changu kilipozama, na kukumbuka kwamba mara ya kwanza sikuwa nikimuenzi baba. Nilikuwa nikimfunika.