Zawadi ya Della na Jim

Katika Injili ya Matayo twasoma habari za Mamajusi waliotoka mashariki kumsujudia Mtoto Yesu, wakamtolea dhahabu, uvumba na manemane. Mmarekani mmoja alipotunga hadithi ya Krismasi juu ya maskini wawili, aliiita kwa jina lao, yaani Zawadi ya Mamajusi. Ilipigwa chapa mara ya kwanza katika gazeti moja la New York, tarehe 10 Desemba 1905. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu wa hadithi hiyo, na za mtungaji wake pia, maana habari hizo zashikamana.

Della na mumewe Jim walipanga nyumba ndogo mjini New York kwa dola 8 kila juma. Mshahara wa Jim ulikuwa umepungua, toka dola 30 kwa juma hata 20. Walijivunia vitu viwili tu: saa ya dhahabu ya Jim, iliyokuwa ya babu yake na ya baba yake, na nywele za Della, zilizoshuka kupita magoti. Siku moja kabla ya Krismasi Della alihesabu akiba yake, akaona dola 1 na senti 87. Akalia. Kisha akaenda kwa mwanamke mnunuzi wa nywele, akakatwa zake kwa dola 20, akamnunulia mumewe mkufu wa saa kwa dola 21. Aliporudi nyumbani alimwomba Mungu kwamba Jim aendelee kumwona mzuri.

Jim alipoingia alimkazia macho, asiseme neno. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa ameiuza saa yake ili amnunulie mkewe vitana vya ganda la ng'amba, vya kupamba nywele ambazo sasa hazipo.

Mtungaji wa hadithi hiyo aliitwa William Sydney Porter, naye aliandika kwa jina la O. Henry. Alizaliwa mwaka 1862 huko North Carolina, akamwoa Athol Estes mwaka 1887, wakajaliwa binti, Margaret. Alikuwa karani wa benki katika mji wa Austin, Texas, kisha akashitakiwa kwamba amekula fedha za benki. Watu wabishana hata leo kama alikuwa na hatia. Mwaka 1896 alikimbilia Honduras, asihukumiwe.

Walioandika maisha yake wamesimulia kwamba Athol, ingawa alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, alifuma kitambaa, akakiuza, na kwa fedha zile akampelekea mumewe sanduku la zawadi za Krismasi. Alilifunga sanduku lile hali ana homa kali. Porter alipopata habari kwamba mkewe yu karibu kufa, alirudi mwaka 1897, ijapokuwa alijua kwamba sheria yamngoja. Athol alifariki Julai ya mwaka ule. Mwaka 1898 Porter alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, akakaa gerezani miaka mitatu na zaidi, hata 1901.

Basi yule aliyeandika habari za Della alikuwa amekwisha kupokea zawadi ya namna ile.

Wako wasemao kwamba Della na Jim walikuwa wajinga, na lau wangalishauriana wasingalipata hasara. Ni kweli, mkufu ulikosa saa, na vitana vilikosa nywele. Lakini na tuangalie jambo moja: hakuna katika hao wawili aliyekopa, wala aliyegusa mali ya mtu. Kila mmoja alitoa katika kilicho chake, na katika kile alichokipenda kuliko vyote. Mfalme Daudi naye alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu.

Nasi, Krismasi ikaribiapo, twaona wengine wakikopa dukani ili nguo za wake zao zionekane kanisani, na deni lile hula chakula cha watoto hata Pasaka. Heri mume amletee mkewe kitu kidogo kilichotoka katika jasho lake, naye mke akipokee kwa furaha, kama Della alivyovipokea vitana vyake, akamwambia mumewe ya kuwa nywele zake huota upesi.