Eti hawafi, wanapotea tu?

Najua nimekuwa kimya, ni majaribio mfululizo na kazi za vikundi, mnajua wenyewe mwezi huu ulivyo. Leo kuna kitu kimenikaa kooni tangu juzi, ngoja nikitoe.

Juzi jioni tulikuwa vimbwetani tunajisomea. Soga zikahama kama kawaida, mara mpira, mara boom limechelewa, mara huyu kaachwa na yule. Ghafla mshkaji mmoja, mwaka wa tatu kama mimi, mwalimu mtarajiwa wa Biolojia tena, akanigeukia. "Wewe si mtu wa Shinyanga bwana? Hebu tuambie, eti ni kweli zeruzeru hawafi, wanapotea tu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikumjibu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mimi mtu wa Ibadakuli, nasoma Historia, nimekaa kimya kama sina ninachokijua. Sasa najibu hapa, kwa kirefu, na kwa njia ninayoijua, yaani kwa historia.

Nianze na darasa la nne. Katika shule moja ya msingi niliyopitia tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino. Alikuwa mrefu, kwa hiyo alipangwa dawati la nyuma kabisa. Kila mwalimu akiandika ubaoni, yeye anachungulia daftari la jirani. Akachapwa sana kwa hilo, eti anaibia. Mwaka 2015 hakurudi baada ya likizo. Tukasikia amepelekwa Buhangija, pale mjini, kwenye kituo cha watoto. Tulifikiri kapata bahati ya bweni. Hatukujua kwamba kapelekwa ili asiuawe.

Tuanze na ualbino wenyewe, maana bila hapo historia haieleweki. Ngozi, nywele na macho yetu hupata rangi kutokana na kitu kinaitwa melanini. Mwili hutengeneza melanini kwa maelekezo ya jeni, na kila jeni tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nakala moja mbovu na moja nzima, rangi yako ni ya kawaida na wala hujui kitu. Mtoto akipata nakala mbovu kutoka kwa baba NA kwa mama, anazaliwa na ualbino. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Basi. Hakuna laana hapo, hakuna pepo, hakuna Mzungu aliyepita kijijini.

Kwa Tanzania, kadirio linalotumika sana ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400. Ukipiga hesabu ya kurithi, maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja kati ya 20 amebeba nakala moja bila kujua. Ukumbi wetu mkubwa wa mihadhara ukijaa watu 300, karibu 15 wamebeba. Inawezekana ni mimi. Inawezekana ni yule mshkaji aliyeuliza swali.

Na haya si mambo ya jana. Mwaka 1903 watafiti kule Marekani walikuwa wameshaandika kwamba ualbino unafuata kanuni za kurithi za Mendel. Mwaka 1908 daktari Mwingereza, Archibald Garrod, alitoa mihadhara London kuhusu hitilafu za kimwili ambazo mtu huzaliwa nazo, na ualbino ulikuwa mmoja wa mifano yake minne. Yaani Wajerumani bado wanatutawala hapa, Vita vya Majimaji vimeisha juzi tu, na tayari kuna mtu anajua kwamba mama hana kosa.

Sasa sikilizeni linaloniumiza zaidi. Ujuzi huo haukubaki Ulaya, ulikuja mpaka kwetu. Mwaka 1985 Dk. Luande na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wenye ualbino wa Dar es Salaam waliokuwa wanaonwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani. Walichokuta kinatisha. Ngozi ilikuwa inaanza kuharibika na jua tangu mtoto ana mwaka mmoja, na wengi waliokuwa kati ya miaka 20 na 30 walikuwa na saratani iliyokwishakomaa. Wachache mno walifika uzee.

Mnaona jibu la swali la vimbwetani? Hawapotei. Walikuwa wanakufa vijana, kwa jua, wengine wamefichwa ndani na ndugu kwa aibu, wakazikwa kimya kimya bila watu wengi. Jirani anayekaa miaka 30 bila kuona mzee mwenye ualbino wala msiba wake, akasema "hawa hawafi". Mimi naona hivyo ndivyo uongo ule ulivyozaliwa. Ni saratani iliyovikwa kanzu ya uchawi.

Haikuishia hapo. Mwaka 1995 timu ya wanasayansi, huyu Luande akiwemo, ilitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya Watanzania wenye ualbino. Walikuta kwamba wengi wao wana hitilafu ileile moja. Kwenye jeni inayoitwa OCA2, iliyoko kromosomu ya 15, kipande chenye herufi kama 2,700 za vinasaba hakipo. Hitilafu hiyohiyo imekutwa Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Kameruni. Watafiti wanaona ilitokea mara moja, zamani sana, kabla Wabantu hawajatawanyika, halafu ikasafiri nao. Wanahistoria wenzangu, mnakumbuka ramani ya uhamiaji wa Wabantu tuliyochora tangu sekondari, yenye mishale? Chora na hii kwenye mishale hiyohiyo. Tulikuja na chuma, tukaja na kilimo, tukaja na ualbino. Ni wa kwetu, umo kwenye koo zetu, haukutoka kwa jini yeyote.

Kwa hiyo mwaka 1995 Tanzania ilikuwa na jibu lote, tena lililotoka kwenye damu ya Watanzania wenyewe. Miaka kumi na kidogo baadaye, kuanzia kama 2006 na 2007, mauaji yakaanza kuripotiwa Kanda ya Ziwa. Shinyanga, Mwanza, Geita, Kagera. Watu walikuwa wanakatwa mikono na miguu, viungo vinauzwa kwa waganga. Makaburi yakawa yanafukuliwa. Mitaani watu wenye ualbino wakaanza kuitwa "dili". Dili! Mtoto anapita kwenda dukani, mtu mzima anasema "dili hilo".

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ukiwa chuo ukasema unatoka Shinyanga, watu wanakuambia "ah, mila zenu hizo". Sikatai kwamba kwetu kuna madudu. Vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundika kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Hilo ni doa letu. Na mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino alisemwa, akaachwa. Lakini kuuza kiungo cha mtu ili upate dhahabu, hiyo si mila ya babu yangu. Mwaka 2010 watafiti watatu, Bryceson, Jønsson na Sherrington, waliandika wakiyahusisha mauaji haya na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Angalieni miaka. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia mwaka 2000, ikafika karibu dola 1,000 mwaka 2009. Vijana kwa maelfu wakamiminika kwenye mashimo. Kwenye shimo, mmoja anapata, kumi hawapati, na hakuna anayejua kwa nini. Hapo ndipo mganga anaingia na bei yake. Anauza bahati, na amechagua mtu ambaye jamii ilishazoea kusema si mtu kamili.

Kwa hiyo ni biashara mpya iliyopanda juu ya dharau ya zamani. Ukiiita mila tu, unamwachia mfanyabiashara aondoke.

Serikali nayo ilihangaika. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka huohuo mwandishi Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja akawaendea waganga, akafichua biashara yao, ikabidi ajifiche kwa vitisho. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alilia bungeni kwa ajili ya jambo hili. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa mkoa wetu kabla Geita haijawa mkoa mwaka 2012. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwaka 2010 Salum Barwany akachaguliwa mbunge wa Lindi Mjini, kwa kura za wananchi kabisa. Lakini Februari 2015, kule Chato, mtoto wa mwaka mmoja alichukuliwa kutoka mikononi mwa mama yake, akakutwa amekufa, hana mikono wala miguu. Kwa hesabu za mashirika, waliouawa nchini tangu mwanzo wa karne hii walikuwa wamepita 70.

Ndiyo maana mwenzetu wa dawati la nyuma alihamishwa. Buhangija ilikuwa shule ya watoto wasioona na viziwi, lakini mauaji yalipochacha ikawa kimbilio, na kufikia 2015 ilikuwa na watoto wenye ualbino zaidi ya 200. Iliokoa maisha, hilo siwezi kubisha. Ila fikiria mtoto wa miaka mitano anaachwa pale, na wengine ndugu hawakurudi tena kuwaona. Tuliwafungia waliokuwa wanawindwa, wawindaji wakabaki mtaani.

Sasa swali langu la kihistoria ni hili. Ujuzi ulikuwepo 1908. Ulikuwepo Ocean Road 1985. Ulikuwepo kwenye vinasaba vyetu 1995. Uliishia wapi njiani, mpaka 2007 mtu wa Bukombe aamini kwamba mfupa wa mtoto unaleta dhahabu?

Nimezunguka nalo siku mbili, na jibu ninaloliona halinifurahishi. Uliishia kwetu sisi walimu. Mada ya kurithi ipo sekondari, wote tumeisoma. Tuliifundishwa kwa njegere za Mendel, ndefu na fupi, kijani na njano. Tukajibu mtihani, tukapata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba ile njegere fupi ndiyo habari ya yule mwenzetu wa dawati la nyuma. Mshkaji wangu wa Biolojia anaweza kukuchorea jedwali la Mendel akiwa amefumba macho, na jioni hiyohiyo anauliza eti wanapotea. Vitu viwili vinakaa kichwani mwake bila kusalimiana. Na mwakani ana darasa lake!

Mimi mwenyewe sijitoi. Nilikuwa nacheka yule mwenzetu alipokuwa anachapwa. Nimekuja kusoma juzi juzi kwamba ualbino hugusa macho pia. Melanini ikikosekana, sehemu ya jicho ya kuonea vitu vidogo haikui sawasawa, macho hucheza cheza, mwanga mkali huumiza, na miwani husaidia kidogo tu. Kumbe hakuwa anaibia. Alikuwa hauoni ubao.

Wadau, muda si mrefu tunaenda mazoezi ya kufundisha, wengine mtapangiwa Kanda ya Ziwa na mmeshaanza kulalamika. Ukimkuta mtoto mwenye ualbino darasani, mlete mbele, mbali na dirisha lenye jua. Andika kwa herufi kubwa, na unachoandika kisome kwa sauti. Mruhusu asogee ubaoni. Kofia na mikono mirefu si utovu wa sare, ni dawa. Usimsimamishe paredi juani saa nne. Kuna mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa palepale KCMC Moshi, yanaitwa Kilisun, mwelekeze mzazi aulize kliniki. Na ukifika kwenye njegere, usiishie kwenye njegere. Waambie wanafunzi ile hesabu ya mmoja kati ya 20, waangaliane.

Mwite kwa jina lake. Ikibidi kutaja hali yake, sema mtu mwenye ualbino, maana mtu ndiye anayetangulia.

Yule mshkaji nilimfuata jana chumbani kwake, nikamweleza yote haya. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo hata mimi naweza kuwa nayo?" Nikamwambia ndiyo, hata wewe, hata mimi. Akasema ataweka swali hilo kwenye andalio lake la somo. Nitamkumbusha.

Haya, nawahi foleni ya kantini kabla wali haujaisha. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.