Mnyama Aliyemo Ndani ya Pete

Kukereza ni kazi tuijuayo sana sisi watu wa pwani. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu na Unguja ilitoka katika kerezo: mti ukizunguka, na patasi imetulia mkononi mwa fundi. Lakini kerezo hutoa umbo la mviringo, naye mnyama hana umbo hilo. Fundi atampataje ng'ombe au tembo katika chombo kijuacho kuzungusha tu? Jawabu moja la ajabu lilipatikana Ujerumani, katika kijiji cha Seiffen kilichomo milimani Saxony, karibu na mpaka wa Cheki. Yatupasa kulitazama, kwa kuwa ni habari ya riziki za watu zaidi ya kuwa habari ya vichezeo.

Wenyeji wa Seiffen walikuwa wachimbaji wa madini ya bati. Machimbo yalipoanza kuwatupa mkono, waliigeukia misitu yao, wakakereza sahani na vifungo vya mti. Nguvu ya maji, iliyokuwa ikiponda mawe ya madini, sasa ikazungusha kerezo. Uchimbaji ulipokoma mwaka 1849, ukerezaji ulikwisha kuwa tegemeo la kijiji, na ufundi wa pete ulikwisha kuzaliwa.

Ufundi huo ni huu. Gogo la mti wa jamii ya misonobari hukatwa vipande vinene vya duara, nao mti huachwa na unyevu wake ili ukatike kwa ulaini. Fundi huchonga mifuo na matuta upande mmoja wa duara, kisha huligeuza na kuchonga upande wa pili, hata ikatoka pete. Ukiitazama pete hiyo huoni mnyama. Ipasuliwe kwa kisu, ndipo utaona katika mpasuko mgongo, tumbo, miguu na kichwa. Pete moja huzaa wanyama makumi kadhaa wa sura moja. Kwa hiyo yampasa fundi amjue mnyama moyoni kabla ya kumwona kwa macho.

Baada ya hapo kazi ilihamia majumbani. Huko wanyama walichongwa kingo, wakabandikwa masikio na mikia, wakapakwa rangi. Wengi waliingia katika safina za Nuhu zilizouzwa Uingereza na Marekani. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Na katika karne ya 19 watoto wa Seiffen walivukuta kwelikweli, wakitengeneza usiku vichezeo vya watoto wengine. Wepesi wa pete ulishusha bei, na bei iliposhuka ilimlazimu fundi kuongeza kazi apate mkate uleule. Ustadi ulikua, umaskini ukabaki.

Leo Seiffen ina jumba la makumbusho ya vichezeo, lililofunguliwa mwaka 1953, na wapo mafundi wanaoendelea kukereza pete. Hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, sisi tunaozungumzia kuhifadhi sanaa zetu za mikono hatuna budi kukumbuka ya kwamba utamaduni hauhifadhiwi kabatini peke yake. Tukikisifu kitanda kilichokerezwa, kisha tukabishana na fundi hata akauza kwa hasara, mwanawe hatashika patasi. Na ujuzi ulio moyoni mwa fundi hauna kabati la kuuweka.