Arthur Ashe (1943–1993)

Alizaliwa hapa Richmond, Virginia. Baba yake alitunza bustani ya umma ya watu weusi, na humo ndimo Arthur alimoshikia raketi ya tenisi. Viwanja bora vya mji vilikuwa vya wazungu tu. Mwaka 1968, akiwa luteni jeshini, alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani. Kwa kuwa alicheza kwa ridhaa, dola 14,000 za mshindi alipewa Tom Okker, aliyefungwa fainali! Mwaka 1975 alimbwaga Jimmy Connors, bingwa mtetezi, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon.

Tazama sanamu hii: mkono ulioshika vitabu umeinuliwa juu kuliko wenye raketi.

Ashe pia aliwainua wengine: ziarani Kameruni mwaka 1971, alikitambua kipaji cha mtoto Yannick Noah, aliyekuja kutwaa ubingwa wa wazi wa Ufaransa mwaka 1983.